Mke anayekula jikoni huenda hana dharau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumamosi iliyopita msomaji mmoja alilalamika kwamba mkewe, mwaka wa pili sasa, akishamtengea chakula hubeba sahani yake akaenda kula jikoni peke yake. Akiulizwa anasema "hamna kitu." Mshauri wenu akamjibu kuwa hiyo ni dharau, aite wazee wa pande zote mbili, mke aonywe. Barua ile nimeisoma mara tatu nikiwa kwenye cherehani, maana mke yule angeweza kuwa mimi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 49. Kutwa nzima nasikia cherehani, bodaboda zinapita mbele ya baraza, na jirani ana mashine ya kusaga nafaka. Vyote hivyo havinishughulishi. Lakini mtu akifyonza chai ya moto karibu yangu, moyo unanienda mbio, vidole vinakaza, na hasira inanipanda kabla sijajua nimekasirikia nini. Baba watoto ni mpole, tumeishi miaka 24 bila kunyanyuliana mkono. Ila iko jioni nilimtazama anatafuna muhogo wa nazi nikamwona kama adui yangu. Naandika hili kwa haya.

Lilinianza nikiwa na miaka kama 10, Pangani kwa bibi. Tulikuwa wajukuu saba kwenye sinia moja, na bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na meno machache, akimumunya kwa sauti. Siku moja nikainuka. Nilichapwa, na kwa desturi zetu nilistahili: mtoto hainuki kwenye sinia wakubwa hawajamaliza. Basi nikajifunza kusema nimeshiba. Nikakonda hadi nikapelekwa kutazamiwa, pakasemwa nina shetani anataka ubani. Ubani ukafukizwa, na bibi akaendelea kumumunya.

Kila Ramadhani ni mtihani wangu wa pili baada ya saumu yenyewe. Adhana ya magharibi ikishatoka, ukumbi mzima unapiga uji wa moto kwa pamoja, watu tisa, na mimi ndiye niliyeupika! Kwa miaka mingi nilikuwa nafuturu tende moja na kukimbilia jikoni nikijifanya sambusa zinaungua. Wifi zangu walikuwa wakisema nina kiburi cha kitoto cha mjini. Sikuwa na jibu la kuwapa.

Masikio nimekwenda kupimwa. Unakaa kwenye kijumba kidogo umevalishwa spika za masikioni, kila ukisikia mlio unabonyeza. Majibu yakatoka kwamba masikio ni mazima kabisa, nikaambiwa nipunguze mawazo. Jina la tatizo nimelipata kwa binti yangu anayesomea uuguzi: misofonia. Neno hilo lilitungwa Marekani mwaka 2001 na wataalamu wawili wa masikio, Pawel na Margaret Jastreboff. Halijafanana na lile jingine ambapo sauti yoyote kubwa kidogo inamuumiza mtu. Hapa ukubwa si hoja. Ni sauti fulani maalumu, mara nyingi ya mdomo au ya pua ya mtu mwingine, na wengi huanza wakiwa watoto au wanabalehe.

Binti alinisomea pia habari za watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliopiga picha za ubongo. Mwaka 2017 walionyesha kuwa kwa watu kama sisi, sauti hizo huamsha kupita kiasi sehemu ya ubongo inayoamua lipi la kuzingatiwa. Mwaka 2021 wakaongeza kwamba sehemu ya kusikia ina muunganiko wenye nguvu kuliko kawaida na sehemu inayoendesha mdomo na koo. Kwa lugha yangu ya ufundi, pindo limeshonwa pamoja na mfuko. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu tangu utoto nimekuwa nikihisi kama mtu anatafunia ndani ya kinywa changu, na sijawahi kuthubutu kumwambia yeyote.

Watu huniambia nizoee. Ningezoea mwaka gani? Hii ni miaka 39.

Nilichokifanya ni kuanza na vile visivyo na hisia za kuumizwa. Mafuta ya cherehani ninayo, nikayatia kwenye bawaba za milango yote. Friji ilikuwa inanguruma na kutikisa sahani juu yake. Nikaisogeza mbali na ukuta, nikaisawazisha, kila mguu nikauwekea kipande cha kandambili kuukuu. Pangaboi lilikuwa linagonga tik-tik usiku kucha, kumbe ni skrubu mbili tu zimelegea. Bomba la uani lilidondosha tone kwenye ndoo, na fundi wa bomba aliniahidi wiki tatu kuja kubadilisha kile kipira cha ndani, basi nikafunga uzi mnene kwenye mdomo wa bomba ukafika chini ya ndoo, maji yakawa yanateremka na uzi kimya kimya. Hilo nalionea fahari kuliko gauni lolote nililowahi kushona. Stuli nimezivalisha soksi za mabaki ya vitenge. Ukoko unakwanguliwa kwa mwiko wa mbao, mwenye kutumia kijiko cha bati ananiudhi kwa makusudi.

Mdomo wa mtu hauna mafuta ya cherehani. Hapo ilibidi niseme, na nilisema mchana, siku tusiyogombana, wala si katikati ya chakula ambapo kila neno langu lingetoka kama tusi. Baba watoto alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii si kwamba umenichoka?" Sikujua kama alikuwa amelibeba hilo.

Sasa tunakula pamoja, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya chini, taarabu au mpira, chochote kinachojaza ukimya. Nakaa ubavuni kwake badala ya kumwelekea, kwa kuwa hata kuona taya likienda kunaniwasha. Wali tunakula kwa mkono kama zamani, vijiko havigongi sahani. Nikizidiwa nagusa sikio, yeye anatua kikombe, nami natoka nje dakika mbili narudi, hakuna anayeulizwa. Chai yake ya asubuhi anainywa barazani. Vizibo vya sponji navitumia kwa kiasi, na siku za futari tu, kwa sababu kuziba masikio kila saa kunaweza kuyafanya yazidi kuwa mepesi kushtuka. Uholanzi wamejaribu tiba ya mazungumzo na baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu. Hapa Tanga bado sijapata wa kunifanyia.

Na asinielewe mtu vibaya kwamba nataka dunia inyamaze. Kanuni za kelele za mwaka 2015 tunazo, na wenye baa wanajua NEMC, wasimamizi wa mazingira, ni nani. Baba watoto na kikombe chake sina pa kuwashtaki, wala sitaki.

Kwa ndugu aliyeandika: tafadhali usiite wazee bado. Wazee wakishakaa ukumbini, mkeo atakiri kiburi ambacho hana ili yaishe, kama nilivyokiri mimi shetani. Mshauri wenu naye angeuliza kwanza mama huyo anakimbia nini, kabla ya kumhukumu. Muulize mchana, mkiwa wawili, sauti ipi inayomkera. Akikujibu ni kutafuna kwako, usimwambie "mbona wewe mwenyewe unatafuna?" Nami niliulizwa hivyo. Kutafuna kwangu sikusikii kabisa, nami sijui ni kwa nini, ila ndivyo ilivyo. Halafu washa redio, mtengee kiti ubavuni kwako, uone kama sahani haitarudi mezani.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga
(Jina langu analo mhariri)