Mtaji wa wengi unaishia jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaojiandaa kufungua duka kwa mara ya kwanza, hasa waliopata kiinua mgongo au waliovunja kikoba juzi. Nauza nafaka kwa jumla Tandale, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni wenye maduka ya mitaani. Kuna wanaokuja kwa mbwembwe miezi miwili mitatu, halafu kimya. Ukiulizia, unaambiwa fremu ya duka ina mtu mwingine.

Kila mtu huwashauri watafute mtaji. Ninavyoona mimi, wengi wanaangushwa na hesabu, tena ya shule ya msingi.

Chukua mchele. Mtu ananunua gunia la kilo 100 kwa shilingi 2,400 kilo, anauza 2,700. Kichwani ameshapata faida ya 30,000. Lakini guta limekula 5,000, mpakiaji 1,000, mifuko 3,000, na kwa kupima robo na nusu kutwa nzima, kilo mbili zimepotelea kwenye mizani. Kilo 98 zinaleta 264,600. Gharama zilikuwa 249,000. Faida ni 15,600. Sasa akichota kilo moja ya chakula cha nyumbani kila jioni, kwa siku sita ameshakula mchele wa 16,200. Gunia limekwisha, mtaji umepungua, na jirani anasingiziwa uchawi.

Kula duka lako hakuna anayekukataza, ila ule kwa kuandika. Jipangie posho kulingana na faida, na ukichukua sabuni au unga, ingia daftarini kama mteja mwingine wa mkopo. Hela ya duka nayo ikae kwenye laini yake ya simu, isichanganyike na ada ya mtoto na mchango wa harusi.

Daftari hilo lina kazi hata TRA, kwa watoza kodi. Kwa viwango vya makadirio vya miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya milioni 6 akiwa na kumbukumbu za mauzo analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Asiye nazo anatozwa 100,000. Na angalia: kodi hiyo inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwenye kuuza bidhaa ya faida nyembamba kama mchele asipojua hesabu zake, atalia.

Kuhusu fremu, nawaonea huruma. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, fundi anataka ya rafu, mchoraji anataka ya bango. Duka linafunguliwa likiwa linameremeta, na nyuma ya pakiti za mbele kuna maboksi matupu. Bora kibaraza kilichojaa bidhaa.

Mkopo wa kausha damu sitaki hata kuujadili. Marejesho ya kila siku yanamkuta mtu hajauza, anatoa kwenye mtaji. Mwenye haraka ya kukopa ajiunge na kikundi aombe fedha za halmashauri, zile asilimia 10 za mapato ya ndani zinazotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hazina riba.

Hapo ndipo nina ombi kwa maofisa maendeleo ya jamii. Wanakikundi wakija na katiba, muhtasari na barua ya serikali ya mtaa, waulizeni pia daftari la mauzo la miezi mitatu. Asiye nalo afundishwe pale pale ofisini, kwa mfano wa bidhaa anayouza, kabla hela haijaingia benki.

Muuza nafaka,
Tandale, Dar es Salaam