Spoti ya kwanza: kabla ya cc, angalia tuta

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia gereji yetu hapa Dodoma, akasema "Shikamoo fundi", na kabla sijamaliza kuitikia akanitolea simu. Picha ya Yamaha R6, pikipiki ya spoti, ya bluu. Ameendesha Boxer miaka minne, mjini na njia ya Mtumba, hajaanguka hata siku moja, na sasa amejichanga anataka "kitu cha maana". Nikamuuliza, mdogo wangu, Boxer yako ina nguvu za farasi ngapi? Hajui. Ni kama 12. Hiyo R6 ina zaidi ya 110.

Hatumkatazi mtu hela yake. Ila swali la spoti ipi ya kuanzia ukitoka kwenye Boxer tunaulizwa mara kwa mara, bora tulijibu hapa.

Ulaya, leseni ya pikipiki ya A2, ya ngazi ya kati, haimruhusu mwendeshaji kuvuka kilowati 35, yaani farasi 47 hivi. Kawasaki Ninja 400, Yamaha R3, KTM RC 390 na Honda CBR500R zote zinaingia humo. Chini yake kuna Yamaha R15 ya cc 155 (ukubwa wa injini), yenye farasi kama 19. Kwa anayetoka kwenye Boxer, hata hiyo R15 itamshtua.

Wateja wengi huanza na cc. Sisi tunaanza na tuta. Kutoka ardhini hadi tumbo la pikipiki, Ninja 400 ina milimita 140, R3 ina 160, R15 ina 170. Sentimita tatu utaziona si kitu, mpaka siku umempakia mtu na unasikia kava ya chini inakwaruza lami. Kava hizo si bati la kunyoosha kwa nyundo. Ni plastiki, na ya kubadilisha mara nyingi inaagizwa. Tumeshaunga nyingi kwa gundi na waya. Zinashika, ila macho yanaumia.

Halafu siti. Cha ajabu, hapo R15 yenye injini ndogo kuliko zote inazizidi R3 na Ninja kwa urefu: milimita 815, wakati R3 ni 780 na Ninja 400 ni 785. RC 390 inaanzia 820. Usidharau jambo hili, maana spoti nyingi za wanaoanza zinaanguka zikiwa zimesimama. Hapa uani kwetu mteja alisimamisha Ninja, akashusha mguu, kisigino kikakanyaga mchanga. Kilo 168 zikaanza kwenda upande taratibu, kama ng'ombe anayejilaza, naye amezishika kwa mikono miwili huku anasema "hapana, hapana". Yeye hakuumia. Mkono wa klachi ulikatika, indiketa ikavunjika, kava ikachubuka ubavu mzima.

Barabarani zinatofautiana hivi. RC 390 ni silinda moja: inavuta kwa pupa, inatetemeka, na usukani uko chini kiasi kwamba ukifika Kibaigwa viganja vinawaka moto. Mimi simpi mtu anayetoka moja kwa moja kwenye Boxer. Ninja na R3 ni silinda mbili, laini zaidi. Ninja inaamka mapema, R3 inataka uipandishe resi. R15 ni tamu kwa mizunguko ya Area C na Kisasa, lakini kwenda Morogoro, nyuma ya lori, upepo wa ubavuni unakupiga, utajuta kukosa nguvu ya kulipita. CBR500R ni nzuri, ila ina uzito wa kilo 190 na ushee, na hadithi ya ng'ombe umeshaisikia. Ukinilazimisha nichague moja kwa Dodoma hii, nachukua R3.

Breki ndiyo inayowaponza waliozoea Boxer. Mguu wa kulia umezoea kufanya kazi yote. Kwenye spoti kazi kubwa iko kwenye diski ya mbele, na ukiikaba ghafla penye mchanga uliomwagika juu ya lami, tairi la mbele linakukimbia. Kwa hiyo tafuta yenye ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikaba breki. Ukifungua swichi taa yake lazima iwake, kisha izime ukishaanza kutembea. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini.

Kwa wanaonunua iliyotumika, tunakwenda nawe kuikagua. Tunageuza usukani mpaka mwisho na kutazama vizuizi vyake kwenye fremu. Vikiwa vimebonyea, pikipiki imewahi kupigwa mbele, hata kama rangi inang'aa. Tunasoma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi kuukuu hugeuka gumu hata likiwa na kashata (meno) nzuri. Tunafungua filta ya hewa, kwa sababu vumbi la hapa mnalijua. Tunalinganisha namba ya injini na ya fremu na zilizo kwenye kadi.

Tunakagua asubuhi tu. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, kwa sababu injini inayosumbua kuwaka ikiwa ya baridi itawaka vizuri ikishapashwa. Tukikuta injini ina moto, tunakaa kusubiri ipoe, hata kama ni saa nzima.