Salamu za Krismasi, na habari za Kasisi Li Tim-Oi

Bwana asifiwe, baba zangu, mama zangu, kaka na dada, mlio nyumbani na mlio mbali.

Nawaandikia Majilio yakielekea ukingoni. Vijana wameanza kushuka kutoka Nairobi, watoto wanarudia nyimbo chini ya mwembe, na akina mama wa Mothers' Union wamefua vitambaa vya Meza ya Bwana na kuvianika uani. Niliviona jana vikipepea, nikamkumbuka nyanya yangu.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka Krismasi zetu za zamani. Kasisi alikuwa mmoja na makanisa yake mengi, na sisi tulikuwa mwisho wa barabara. Tarehe 25 msomaji alituongoza kwa Sala ya Asubuhi, tukaimba, tukaenda kula. Mkate na divai vya Ushirika Mtakatifu, ambavyo hutolewa na kasisi, vilitufikia Januari, mwaka mwingine hata Februari. Nyanya hakuivaa nguo yake mpya siku ya Krismasi. Aliiweka sandukuni mpaka siku ya Ushirika, kwa maana kwake hiyo ndiyo iliyokuwa Krismasi yenyewe.

Ndiyo sababu mwaka huu nataka niwasimulie habari za mwanamke wa Uchina ambaye maisha yake yalibadilishwa na njaa kama hiyo ya Meza ya Bwana.

Li Tim-Oi alizaliwa Hong Kong tarehe 5 Mei 1907. Siku hizo watu wengi waliomba wavulana, lakini baba yake alimpa jina lenye maana ya binti apendwaye. Alisoma theolojia Guangzhou, na mwezi wa Mei 1941 Askofu Ronald Hall wa Hong Kong akamweka wakfu kuwa shemasi, ngazi iliyo chini ya kasisi. Alitumwa Macau, iliyokuwa chini ya Ureno. Ureno haikuwa vitani, kwa hiyo wakimbizi walimiminika huko kwa maelfu, nao wakamkuta Tim-Oi akilisha, akizika, akibatiza.

Kisha ikaja Krismasi ya 1941. Siku hiyohiyo ya kuzaliwa Bwana, Hong Kong ilisalimu amri kwa majeshi ya Japani. Njia zikafungwa. Hakuna kasisi wa Kianglikana aliyeweza tena kuvuka kwenda Macau kuwapa watu Ushirika Mtakatifu. Hebu fikirini: watu wamekimbia makwao, wanazika watoto kwa njaa, na hata Meza ya Bwana haina wa kuihudumia. Ikabidi Tim-Oi aruhusiwe kuihudumia akiwa bado shemasi.

Askofu Hall aliona jambo hilo haliwezi kuendelea hivyo. Mwezi wa Januari 1944 Tim-Oi alisafiri kupita maeneo yaliyoshikwa na Wajapani, wakakutana Zhaoqing, na tarehe 25, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, Hall akamwekea mikono kuwa kasisi. Ndiye mwanamke wa kwanza katika Ushirika wote wa Anglikana. Askofu alilinganisha kitendo chake na kile cha Petro kumkubali Kornelio asiye Myahudi abatizwe, Matendo sura ya 10: Mungu alikwisha kutoa karama, yeye aliitambua tu. Mimi naamini alisema kweli.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa kanisa hawakumpokea. Mwaka 1946 shinikizo lilikuwa kubwa: ama Tim-Oi aache kibali chake cha kuhudumu kama kasisi, ama askofu wake ajiuzulu. Tim-Oi hakutaka askofu aumie kwa ajili yake. Alirudisha kibali, ukasisi wake hakuurudisha. Hapa naumia kila nikifika. Wakati wa njaa walimwita, na njaa ilipopungua wakamwambia akae pembeni.

Lakini tazameni alichofanya huko pembeni. Alikwenda Hepu, karibu na mpaka wa Vietnam, akafungua nyumba ya akina mama kujifungulia, kwa sababu watoto wa kike walikuwa wakizaliwa na kutupwa. Kila mwaka tunaimba juu ya Mariamu aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni. Kasisi aliyenyimwa nafasi madhabahuni aliwatengenezea wanawake mahali pa kuzalia. Sijui mahubiri ya Krismasi yanayozidi hayo.

Baadaye makanisa ya Uchina yalifungwa. Akapelekwa kulima, akafanyishwa kazi kiwandani, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alilazimishwa kuyakata kwa mkasi mavazi yake ya kanisa. Kwa miaka mingi alisali kwa siri, peke yake mlimani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifika Toronto, Kanada, na huko akahudumu tena kama kasisi. Mwaka 1984, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 75, miaka 40 ya ukasisi wake iliadhimishwa kwa shangwe Westminster Abbey. Alilala katika Bwana tarehe 26 Februari 1992. Kanisa la Uingereza lilipiga kura ya kuwakubali makasisi wanawake mwezi wa Novemba mwaka huohuo.

Na kwetu? Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimweka wakfu Lucia Okuthe, kasisi mwanamke wa kwanza Kenya. Mwaka 2021 tukampata Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huo Rose Okeno akawekwa kuwa Askofu wa Butere. Tangu 1994 upo pia mfuko wenye jina la Li Tim-Oi unaosaidia wanawake kusomea huduma, wakiwemo wengi wa Afrika.

Nyanya hakuishi kuyaona hayo. Lakini kasisi wetu wa sasa ni mama, na Krismasi hii tutapokea Ushirika tarehe 25 yenyewe. Nawatakia nyote Krismasi njema yenye amani, hasa mliofiwa mwaka huu na mlio kazini ugenini.

Ibada yetu ni saa moja na nusu asubuhi. Tusichelewe, kwa maana kasisi akitoka kwetu ana makanisa mengine matatu yanayomngoja. Mwenye pikipiki ya kumpeleka anijulishe mapema. Na mama zangu wa jikoni, tafadhali mfungieni chai kwenye chupa na chapati nne. Mwaka jana alituhudumia sote, akaondoka hajatia kitu kinywani.