Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mimi ni mwalimu wa "vilaza"

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Pokea salamu za mwalimu wa darasa la tano, mkondo C. Kwetu matokeo ya upimaji wa darasa la nne yakitoka, watoto wanachambuliwa kama mchele: vipanga mkondo A, wa katikati B, na wale wanaoitwa vilaza, hata mbele ya wazazi wao, C. Walimu mahiri wanapangiwa A ili wastani wa darasa la saba upendeze. Mimi nimepangiwa C, kwa hiyo nadhani nami nimeshapimwa.

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo chao cha akili kule Paris ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi. Sisi tunawatambua vizuri tu, kisha msaada tunaupeleka kwa wasiouhitaji.

Na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa shule za karibu na Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha mbinu kwa muda usiofika hata saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda, na aliyeongoza mwanzo si lazima ndiye aliyeongoza mwisho.

Kipimo kimojawapo kilikuwa mchezo wa maswali ishirini, nami nikaujaribu darasani kwangu. Nilifikiria mnyama, mtoto mmoja akaanza: "Ni mbuzi? Ni kuku? Ni paka?" hadi maswali yakamwishia. Nikamwonyesha namna ya kuuliza swali linalokata kundi zima. Mara ya pili akatulia, akauliza, "Anaishi majini?" Swali la sita akampata pweza. Akadai mwingine.

(Semina moja tuliambiwa tuwagawe watoto kuwa wanaojifunza kwa macho na wanaojifunza kwa masikio. Nalo hilo halina ushahidi wa maana.)

Najua shule ziko chini ya TAMISEMI, lakini waraka wa elimu unatoka kwako. Naomba upige marufuku mikondo ya alama, na kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tufundishwe kupima, kufundisha, kisha kupima tena kabla ya kumbandika mtoto jina. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na watoto waliendelea kusoma.

Orodha yetu ya mikondo hubandikwa Januari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa mkondo C