Barua ya wazi kwa wanangu mnaosailiwa na mashine

Wanangu,

Salamu nyingi. Najua wengi wenu mko mbioni kuomba kazi, na najua kinachowakuta. Umetuma maombi, siku mbili hazijapita kinaingia kiungo kwenye barua pepe, unakibonyeza, unajikuta unautazama uso wako mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Swali limeandikwa chini, sekunde zinahesabika kurudi nyuma, na mtu hayupo. Mliponilalamikia nikawajibu kijuujuu kwamba usaili ni usaili tu. Niwieni radhi, nilikuwa sijui ninachokisema.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi, nimesaili watu mpaka nikastaafu. Mwaka jana nikaomba kazi ndogo ya ushauri, ya muda, nisije nikaota kutu nyumbani. Nikaletewa usaili wa namna hiyo hiyo. Swali la kwanza: eleza jinsi ulivyowahi kutatua mgogoro kazini. Nimepewa dakika moja na nusu. Kitaa chekundu kikawaka, nami kwa mazoea nikaanza: hamjambo, poleni na kazi, nashukuru sana kwa nafasi hii. Halafu nikanyamaza, nangoja niitikiwe! Nilipogutuka zimebaki sekunde 50. Nikaingia kwenye kisa cha wafanyakazi wawili waliogombea zamu, nikakianzia mbali, tangu siku walipoajiriwa. Kabla sijafika pale nilipowapatanisha, kioo kikabadilika, swali la pili hilo. Baada ya siku nne nikapata barua ya pole, imeandikwa vizuri tu, haina jina la aliyeiandika.

Nilicheka, kisha nikakaa chini kufikiri. Tulipokuwa kwenye jopo tulikuwa tunawasaidia watu bila hata kujua. Msailiwa akipotea, unamrudisha. Akisema "tulifanya", unamuuliza, wewe hasa ulifanya nini? Akisahau kutaja kazi iliishaje, unamchokonoa. Nyinyi mnaosifika kwa kujieleza, wengi wenu mmezoea kuokolewa na msikilizaji. Mashine haina habari hiyo. Usichokitamka hukukifanya.

Ndiyo maana nasema jibu lianze na jambo lenyewe. Kisa changu kile kile kingetosha hivi: "Wafanyakazi wawili waligombea zamu ya usiku, nami nilikuwa msimamizi wao. Niliwakalisha pamoja, nikapanga ratiba ya kupokezana kila wiki mbili, wote wawili wakaitia saini. Kwa miezi sita iliyofuata sikupokea lalamiko lingine." Nimejipima kwa saa, hata nusu dakika haifiki. Kuna tatizo, kuna nilichofanya mimi na si "sisi", kuna mwisho wake. Kila mmoja wenu ana visa vitano sita vya namna hiyo: mara uliyokosea, mara uliyopishana na mkubwa wako, mara kazi ilipokuzidi kimo. Viandike kwa ufupi, kisha visemeni kwa sauti. Msikariri neno kwa neno, ukisahau moja utakwama yote.

Sasa niwaambie kilicho nyuma ya kioo, maana uvumi ni mwingi. Kwa kawaida sauti yako inageuzwa kwanza kuwa maandishi, kisha maandishi hayo ndiyo yanayolinganishwa na sifa zinazotafutwa. Habari za mashine kusoma uso zilikuwa za kweli kwa baadhi ya kampuni. HireVue, ambayo ni maarufu kwa usaili wa video, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeachana na kuchambua nyuso. Mwaka huo huo waandishi wa habari wa Bavaria, Ujerumani, waliijaribu programu moja iliyodai kupima haiba ya mtu kwa video. Wakakuta alama zinabadilika kwa kuvaa miwani tu, au kwa kuweka rafu ya vitabu nyuma ya msemaji. Msikimbilie kuazima vitabu! Kaa mbele ya ukuta mtupu, mwanga ukupige usoni, simu za watu zizimwe, basi. Hayo hayahitaji barua.

Kinachohitaji kazi ni matamshi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya kampuni tano kubwa, zikiwamo Google na Apple. Katika kila maneno 100, mifumo hiyo ilikosea kwa wastani 19 kwa Wamarekani Wazungu na 35 kwa Wamarekani Weusi. Watu wa nchi moja, lugha moja! Tusio na lafudhi ya hao waliotengeneza mashine tuna la kujifunza hapo. Chukua simu yako, washa ile sehemu ya kuandika kwa sauti, toa jibu lako, kisha usome ilichoandika. Mpwa wangu alijaribu mbele yangu. Amesema "nilikagua hesabu", simu ikaandika "nilikaa kuhesabu". Alitaka kuitupa. Nikamwambia apunguze mbio na asimeze mwisho wa maneno. Na lile neno ambalo kazi yenyewe inasimama juu yake, alitamke mara mbili katika sentensi mbili tofauti, ili moja ikiharibika nyingine ipone. Mara ya tatu ikamwandika sawasawa.

Kabla ya yote hayo kuna chujio la kwanza, wasifu wako. Ile mipango ya safu mbili, visanduku na vialama vya rangi humpendeza mtu, lakini programu nyingi huichanganya. Nakili maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Ukikuta namba yako ya simu imeangukia katikati ya majina ya shule, ujue huenda mashine nayo inaona hivyo hivyo. Tumia pia maneno ya tangazo. Wao wakisema "usimamizi wa ghala" nawe umeandika "mtunza stoo", andika la kwao, mradi ni kazi uliyoifanya kweli. Kuna wajanja wanaficha maneno ya tangazo kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Programu ikishayatoa maandishi nje, weupe haupo tena, na ujanja wako unasomeka waziwazi.

Akili mnemba (AI) kuitumia kwa mazoezi si vibaya, nami naitumia. Ipe tangazo la kazi, iambie ikuulize maswali makali, moja moja, na ikukosoe. Ila kusoma majibu yake kioo kikiwa kinakurekodi, hapana. Macho yanakwenda kushoto kulia kama ya mtu anayesoma gazeti, na video hiyo huenda ikaja kutazamwa na binadamu aliyekwisha kusikia jibu hilo hilo kwa wengine kumi.

Mkikataliwa, msijione hamna thamani. Mwaka 2018 Reuters iliripoti kwamba Amazon iliwahi kujaribu mashine ya kuchuja maombi. Ilifundishwa kwa nyaraka za miaka 10, nyingi zikiwa za wanaume, basi ikawa inawashusha waombaji wenye neno "wanawake" kwenye maelezo yao, hata akiwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake. Kampuni ikaachana nayo. Mashine hujifunza upendeleo wetu sisi tuliowahi kukaa kwenye majopo, na hapo nami najihesabu.

Kuuliza nako si utovu wa adabu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, sheria inayotumika tangu Januari 2020 inamtaka mwajiri anayetumia akili mnemba kuchambua video amjulishe mwombaji, amweleze inavyofanya kazi na apate ridhaa yake. Hata pasipo na sheria kama hiyo, andika barua pepe fupi ya heshima: je, majibu yangu yanapimwa na mashine? Kuna mtu atakayeyapitia? Mwenye kigugumizi, au mwenye tatizo la kusikia au kuona, aombe mapema njia nyingine ya kusailiwa, asingoje mpaka kitaa kiwake.

Anayetaka mazoezi anipigie jioni yoyote. Nitamsomea swali, nitashika saa, na salamu sitaitikia.

Mzee wenu