Mwanaidi, usiiuze kamera yako bado

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Bibi anakohoa kidogo kwa hizi pepo za kusi, lakini asubuhi ameamka mwenyewe akadai chai ya tangawizi, kwa hiyo usiwe na hofu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema kwenye kichen pati ya binti wa jirani yenu wageni waliitazama kamera yako ya Canon 1200D wakakuuliza kama huna "ile ya kisasa". Umesema kikoba kinakopesha mwezi ujao, unataka uchukue mkopo, uongezee na hela ya kuuza hiyo kamera, ununue isiyo na kioo ndani, kama hii Canon R50 yangu. Sauti yako imeniuma, shoga. Ndiyo maana sikukujibu kwa simu. Nimekaa nikuandikie, ili uweze kurudi ukasoma huku kamera umeishika.

Jibu langu kwanza: usiiuze. La mkopo nalifikia.

Canon 1200D ilitoka mwaka 2014, na hii R50 ikatoka 2023. Zimepishana miaka tisa, na katika kamera miaka tisa ni mingi. 1200D yangu ya zamani unaijua, niliinunua kwa mtu, mkononi, raba ya mshikio tayari imeshaanza kubanduka, na imetulisha nyumba hii miaka sita. Kwa hiyo siisemi kwa kusikia.

Wiki iliyopita nilimkalisha bibi barazani saa mbili asubuhi, anasuka ukili. Nikachukua lenzi moja, ile 50mm f/1.8 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia). Kwenye 1200D inaingia moja kwa moja, kwenye R50 inaingia kwa adapta. Nikaweka f/4, kasi ya 1/200 ya sekunde, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kote kuwili, nikapiga kwa zamu, nikaenda kuzisafisha zote mbili saizi ya A4 bila kuzigusa kwenye kompyuta. Nikazilaza kitandani, moja kando ya nyingine. Mwanaidi, vidole vya bibi vile vile. Kovu lile la kisu kwenye kidole gumba lipo kote kuwili. Ukili uliotiwa rangi ya zambarau unaweza kuuhesabu chane moja moja. Ya zamani ina megapikseli 18, mpya ina 24, na A4 safi haihitaji hata 9. Nilimwonyesha bibi mwenyewe, akachagua ya zamani, anasema kanga yake imetoka kama ilivyo.

Kwa hiyo picha zako za pasipoti, za mahafali ya shule, za familia ya watu ishirini mbele ya nyumba saa kumi jioni, hakuna mteja duniani atakayejua umetumia kamera gani. Hao waliokuuliza walikuwa wanatazama kamera. Picha hawajaziona.

Usiku ndipo mambo yanapobadilika, na hapa sitakuficha.

Jumamosi ile nilikuwa na sendofu Chumbageni, nikazibeba zote mbili. Ukumbi wa taa za zambarau, unazijua. Bi harusi anaingia akicheza, anakuja upande wangu, kila hatua kichwa kinatikisika na shela inapita usoni. Nikaweka f/2, 1/200, ISO 3200. Kwa 1200D nilipiga picha 22, na zenye jicho kali zilikuwa 6. Nyingine kilichotoka kali ni hereni, au ua la kifuani, au MC aliyesimama nyuma yake. Alipokwenda kubadili nguo na kuingia mara ya pili, nikashika R50 na lenzi ile ile. Nilipiga 40, nikatupa 4.

Sababu uielewe, maana ukiielewa hutaionea haya kamera yako, utajua tu mwisho wake ni wapi. Ndani ya 1200D mwanga ukipita kwenye lenzi unakuta kioo kimelazwa nyuzi 45. Sehemu kubwa inapanda juu mpaka jichoni kwako. Sehemu ndogo inapenya, inagonga kioo kingine kidogo nyuma yake, inashushwa chini kwenye sensa ya fokasi. Hiyo ya chini ndiyo inayopima. Sensa ya picha yenyewe haioni kitu mpaka kioo kinyanyuke. Sasa hivi viwili, kinachopima na kinachopiga, lazima viwe na umbali ule ule kutoka kwenye lenzi. Vikipishana kiasi cha unywele, fokasi inaangukia sikioni badala ya jichoni. DSLR, yaani kamera za kioo kama yako, zile za bei kubwa zina mahali pa kurekebisha hilo kwenye menyu, 1200D haina. Tena ina pointi 9 tu za fokasi, zote zimejikusanya katikati, na ile ya kati peke yake ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja. Ukiwa gizani tumia hiyo moja, hizo nane ziache.

R50 haina kioo, mwanga unaiangukia sensa ya picha moja kwa moja, na sensa hiyo hiyo ndiyo inayopima, karibu fremu nzima. Programu yake inautambua uso, halafu jicho, halafu inalishika. Mtu akigeuka, linakwenda naye. Hakuna tena cha kupishana na kingine.

Nataka nikwambie hili limenifanya nini, maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Miaka sita nilikuwa namtazama bi harusi kupitia nukta nyekundu. Akili yote ipo kwenye nukta: imekaa jichoni, haijakaa? Sasa namtazama yeye. Kwenye sendofu ile nilimwona mama yake, kiti cha pili kutoka mwisho, amejiuma mdomo asilie, na mkono wake unaipapasa pochi kama anatafuta kitu ambacho hakimo. Nikageuka nikampiga picha. Zamani nisingemwona, na siyo kwa sababu ya macho.

Kuna na kitundu cha kuchungulia. Cha kwako kinaonyesha asilimia 95 ya picha, ile nyingine huioni. Ndiyo maana kila mara unakuta pembeni mguu wa kiti cha plastiki ambao ungeapa haukuwepo. Cha R50 ni skrini ndogo, inaonyesha fremu yote, tena inaonyesha picha itakavyotoka kabla hujapiga. Bi harusi mweusi wa kung'aa ndani ya shela jeupe, unajua 1200D inavyodanganyika na lile jeupe na kuuzamisha uso. Unapiga, unatazama, unaongeza mwanga, unapiga tena, na yeye ameshaacha kutabasamu. Hapa naiona hapo hapo, nageuza gurudumu uso unafunguka, ndipo nabonyeza.

Lakini kitundu cha kioo nakipenda bado, sikufichi. Unaona mwanga wenyewe, siyo picha ya mwanga. Unaweza kukaa nacho jichoni nusu saa ukingoja mashua iingie Pangani na betri isipungue chochote. R50 ukichungulia inakula betri, usipochungulia skrini ya nyuma inakula betri. Nilizoea betri moja kwa shughuli nzima. Sasa natembea na tatu, na moja ya hizo niliuziwa na muuzaji aliyeniapia kuwa ni halisi, ikavimba baada ya miezi miwili, bahati nikaitoa kabla haijang'ang'ania ndani. Ukija kununua, betri za bandia mara nyingi ni nyepesi mkononi kuliko ya kampuni. Zipime kwa kiganja kabla ya kulipa. Faraja ni kwamba R50 inachajiwa kwa waya wa USB-C, kwa hiyo umeme ukikatika powerbank yenye nguvu ya kutosha inanisaidia.

Kelele je? Nilipiga ndoa ya sebuleni mwezi uliopita, shekhe anaomba dua, watu wote mikono juu. Kwa 1200D kioo kingepiga "klaka" na nusu ya vichwa vingegeuka. Nikaiweka R50 kwenye shata ya kielektroniki, kimya kabisa, nikapata machozi ya baba mtu bila yeye kujua. Ukumbini usiitumie hali hiyo: sensa inasoma picha kwa mistari, kuanzia juu kwenda chini, na taa za LED zinapepesa, basi unapata michirizi ya giza mpaka kwenye nyuso za watu.

Kwenye video sina la kushindanisha. Yako haina hata tundu la maikrofoni, na fokasi yake haimfuati mtu wakati unarekodi. R50 inamfuata, ina tundu la maikrofoni, na inarekodi 4K. Halafu kuna waifai. Wateja siku hizi wanataka picha tatu za WhatsApp kabla bi harusi hajafika ukumbini, na mimi nazituma nikiwa ndani ya gari.

Sasa ya kuangalia kabla hujatoa hela yako, maana dukani hawatakwambia.

Flashi yako haitafanya kazi kwenye R50. Sehemu ya juu ya kuchomekea ni ya aina mpya, flashi za kawaida zinahitaji adapta ya AD-E1, inauzwa peke yake. Mimi sikuuliza, nikalijua hilo ukumbini. Siku ile 1200D ndiyo iliyoniokoa.

Lenzi zinakwenda njia moja. Za EF, mlango wa lenzi wa Canon uliokuwepo tangu 1987, pamoja na EF-S kama hiyo lenzi yako ya 18-55, zinaingia R50 kwa adapta na zinafanya kazi vizuri. Za RF, mlango ulioanza 2018, haziingii kwenye DSLR kwa njia yoyote. Na ukibadilisha lenzi kwenye R50 sensa iko wazi mbele yako, hakuna kioo cha kuikinga. Upepo wetu huu wa bahari na vumbi la barabara, fanya hivyo ndani ya nyumba, kamera imetazama chini.

La tatu ndilo la mkopo. R50 wanaiuza na lenzi ya 18-45. Lenzi hiyo ukiivuta mwisho inafunguka f/6.3. Ya kwako ukiivuta mwisho ni f/5.6. Umeelewa? Utakopa, utauza, utanunua kamera mpya, na ukumbini lenzi yako mpya itakuwa na giza kuliko uliyonayo leo. Lakini 50mm f/1.8 inaingiza karibu mara kumi ya mwanga wa f/5.6. Mara kumi, Mwanaidi. Hapo ulipo ISO 6400, ambapo 1200D inafikia ukingo na picha inajaa chembechembe, ukifunga 50mm unashuka mpaka kama ISO 640, na hapo kamera yako ni nzuri sana. Kwenye chumba kidogo itakubidi urudi nyuma, maana inavuta karibu, lakini kwa uso wa mwali anayepambwa sijaona lenzi ya bei hiyo iliyonipendeza zaidi.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu. Usikope kwa ajili ya kamera. Tafuta 50mm ya EF, ile ya STM iliyotoka 2015, hata ya mkononi. Imulike kwa tochi kutokea nyuma, ukiona utando kama wa buibui ndani ya vioo ni kuvu, iache hata wakikupunguzia nusu. Fanya nayo kazi msimu huu. Zile kazi za usiku za wanawake, ambazo wapigapicha wanaume hawaruhusiwi kuingia, ndizo zako wewe na mimi, na zinaongezeka. Zikifika mara mbili kwa mwezi, hapo R50 italipwa na kazi yenyewe, wala usinunue na lenzi yake, chukua mwili mtupu na adapta. 50mm yako itahamia huko, na 1200D ibaki begani na 18-55 kwa picha za mchana. Kamera mbili kwenye harusi siyo anasa. Harusi hairudiwi.

Na uzito usikutie tamaa. Ndiyo, yako ni gramu 480 na R50 ni 375, lakini mshikio wake ni mdogo, baada ya saa nne kidole changu cha mwisho hakina pa kukaa, kinabana chini ya kamera mpaka kinauma.

Ijumaa ya wiki ijayo nakuja Pangani, inshallah, basi la asubuhi. Nitakuja na R50, adapta, na 50mm yangu. Umesema kuna maulidi kwa kina mama Mwanakombo usiku wake. Tuombe ruhusa tupige wote wawili, tubadilishane kamera katikati, kisha picha tuzitazame kwenye kompyuta yako tukiwa tumetulia. Chaji betri zote, na ile flashi yako iwe na mawe mapya. Usinihangaikie kwa chakula, madafu yananitosha.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya mgongo nimeipata, nakuja nayo. Watoto wabusu.

Ni mimi shogayo,
Zuhura