Wasanii tumeshiba motisha, sasa tufundisheni mahesabu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu haya mafunzo ya wasanii, yale ya kujiendeleza kikazi, maana siku hizi yamekuwa mengi na hilo ni jema, silalamiki kwamba yapo, nalalamikia yanavyoendeshwa. Mimi ni mchoraji, nina studio na ndiyo inayonilisha, na semina hizi nimezihudhuria kiasi kwamba ratiba naijua kabla sijapewa. Asubuhi anasimama mtu wa kututia moyo, tunaambiwa tujiamini, tupige makofi. Akitoka yeye anaingia mtu wa mitandao ya kijamii anatufundisha kuposti, saa ngapi uposti, uweke video fupi au ndefu. Jioni vyeti, picha ya pamoja, kwaherini. Kesho yake msanii anarudi studio anakuta kodi iko palepale, kazi zake ziko kwenye galari fulani na hajui zimeuzwa au bado zimening'inia, na wala hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba kazi zile ni zake.

Sasa mimi nauliza, kama lengo ni studio zidumu, kwa nini hatufundishwi yale yanayoziua? Wapo watu wana kipaji cha kutisha na wafuasi mtandaoni hawahesabiki lakini wamefunga studio, na ukikaa nao wakakusimulia vizuri utakuta ni mahesabu tu na makubaliano ya mdomo.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi tunapoumia. Muulize msanii picha hii bei yake umeipataje, atakwambia "namwangalia mteja". Au anataja gharama ya rangi na kanvasi anaongeza kidogo, basi. Kodi ya studio hajaiweka, fremu hajaiweka, usafiri hajauweka, na zile saa zote ambazo hakushika brashi lakini alikuwa kazini, kujibu meseji za wateja, kufungasha, kufuatilia malipo, hizo ndio kabisa hazipo. Halafu ipeleke kazi hiyo galari. Kamisheni ya galari mara nyingi hufika nusu ya bei, na sisemi ni wizi, wana kodi yao na wafanyakazi wao na wateja ambao wewe huwajui, ila ina maana picha ikiuzwa mia unabaki na hamsini na kwenye hamsini hiyo utoe vifaa, utoe fremu, utoe kodi. Mtu aliyepanga bei kwa kumwangalia mteja hapo anafanya kazi bure, pengine anamlipa mteja achukue picha. Na asipojua hesabu hii anafanya kosa lingine baya zaidi, anauza kazi ileile studio kwa nusu bei, mnunuzi wa galari akisikia anajiona kaibiwa na galari nayo inakukimbia. Bei inatakiwa iwe moja kila mahali, ukiuza mwenyewe ile nusu inayobaki ni malipo ya kazi ya kuuza uliyoifanya mwenyewe.

Na wasituambie mambo ya hela ni ya kisasa, eti wakubwa wa zamani walichora kwa mapenzi tu. Albrecht Dürer, Mjerumani yule, alikubaliana na mfanyabiashara mmoja wa Frankfurt aliyeitwa Jakob Heller amchoree picha kubwa ya altare kwa florini 130, kazi ikaanza, gharama na muda vikazidi, akataka 200, zikaandikwa barua za kuvutana weee. Mwaka 1509 akamwandikia Heller kwamba angebaki kwenye kuchonga chapa angekuwa tajiri zaidi. Bwana mkubwa wa sanaa kama yule, na alikuwa anapiga hesabu kazi ipi inalipa na ipi inamla muda! Chapa unachonga mara moja unauza nakala nyingi, picha kubwa ya mafuta inakukalia miezi na inauzwa mara moja tu. Mwalimu wa semina akituwekea barua zile mezani tukazichambua, nini kilikosekana kwenye makubaliano yao ya mwanzo, nani alipe rangi za ghali zikizidi, nadhani tungejifunza kuliko hotuba yoyote ya kujiamini.

Kwa hiyo la pili ni mikataba. Kazi nyingi tunazipeleka galari na madukani kwa mali kauli, yaani kazi bado ni yako mpaka iuzwe, ila ni wangapi wana karatasi inayosema hivyo? Karatasi yenyewe wala si ngumu. Iwe na orodha ya kazi na ukubwa wake na picha zake ndogo, bei, kamisheni, zitakaa hapo mpaka lini, zikiuzwa unalipwa ndani ya siku ngapi, mteja akiomba punguzo linatoka kwenye fungu la nani, zikilowa au zikiibiwa nani analipa, kuzirudisha nani anagharamia. Ukurasa mmoja unatosha. Galari ikifilisika na huna ukurasa huo utaenda kuwaeleza nini wadai wengine waliojipanga mlangoni? Na kazi za kuagizwa hivyohivyo, malipo ya awali kabla hujanunua hata rangi, mteja aone mchoro wa mwanzo aukubali, na iandikwe mabadiliko ya bure ni mangapi, maana kuna wateja ukiwaachia watakubadilishia picha mpaka mwaka unaisha.

Kuna na hili la hakimiliki ambalo wengi linatupita. Mteja akinunua picha kanunua kitu kile cha ukutani, hajanunua haki ya kuichapa kwenye fulana na kalenda, isipokuwa mmeandikiana, au sheria ya mahali ulipo inasema vingine kwa kazi ulizoajiriwa kuzifanya. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda haki za wasanii na waandishi, upo tangu mwaka 1886, na nchi nyingi mno duniani ni wanachama, na chini yake ulinzi unaanza pale kazi inapofanyika bila kudaiwa usajili wala muhuri, na unadumu maisha ya msanii na walau miaka 50 baada ya kufa kwake kwa kazi nyingi. Yaani watoto wako wanarithi. Sasa watarithi nini kama hakuna aliyeandika kazi gani ilichorwa lini ikaenda kwa nani?

Hapo ndipo namkumbuka Van Gogh, ambaye kila semina lazima atajwe kama msanii aliyekufa maskini dunia ikamjua baadaye, na sisi tunatikisa vichwa kama vile dunia iliamka asubuhi moja ikamjua yenyewe. Haikuwa hivyo. Alikufa mwaka 1890, mdogo wake Theo aliyekuwa akimtumia hela akafa mwanzoni mwa 1891, na aliyebaki na lile rundo la picha ni mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger. Huyu mama ndiye aliyefanya kazi. Alizitoa kwenye maonyesho, aliuza kwa kupima asizimalize, mauzo akayaandika kwenye daftari la hesabu la nyumbani, barua akazipanga na kuzichapisha mwaka 1914. Miaka na miaka ya kazi ya ofisi! Lakini semina inaishia kwenye lile sikio Van Gogh alilojikata.

Basi tufundisheni daftari. Kila kazi iwe na namba, jina, mwaka, vifaa, ukubwa, picha nzuri iliyopigwa kwenye mwanga wa kawaida, iko wapi sasa, na ikiuzwa ni kwa nani na kwa kiasi gani. Kompyuta ikiwepo sawa, isipokuwepo kaunta buku inatosha. Daftari hilohilo ndilo linalokusaidia ukiomba ruzuku, ukitengeneza orodha ya maonyesho, mtu wa kodi ya serikali akija, na ukikuta mtu anauza kazi feki yenye sahihi yako.

Afya nitaigusa kidogo tu ingawa haistahili kidogo. Matambara yenye mafuta ya kitani ukiyarundika kwenye kona yanaweza kuwaka moto yenyewe, hayahitaji kiberiti, yanatakiwa yatandazwe yakauke au yawekwe kwenye debe la chuma lenye mfuniko. Wafinyanzi msifagie vumbi la udongo likiwa kavu, lina silika, yaani chembechembe za madini kama ya mchanga, na hiyo inaharibu mapafu bila kurudi nyuma, pigeni deki. Studio isiyo na hewa ikijaa tapentaini na thina itakufukuza kazini mapema kuliko ukosefu wa wateja.

Najua wapo watakaosema hesabu zinaua ubunifu. Hilo nimelisikia sana, mara nyingi kutoka kwa watu wenye mshahara mwisho wa mwezi. Mimi ninayoyaona ni kinyume, msanii anayejua miezi mitatu ijayo kodi imelipwa ndiye anayethubutu kujaribu kitu kipya, mwenye njaa anarudia ileile picha iliyouzika mwaka jana. Na tuache kuwaonea aibu wenzetu wanaofundisha watoto kuchora jioni au wanaouza chapa ndogondogo pembeni, hiyo nayo ni sehemu ya studio na iingie kwenye hesabu.

Kwa waandaaji ombi langu ni dogo. Punguzeni watu ukumbini, mrefushe muda. Siku mbili hazitoshi, tukutane mara moja kwa mwezi kwa nusu mwaka, kila mtu aje na risiti zake na mikataba yake, hata kama ni ya aibu, ikae mezani. Mleteni mhasibu na mwanasheria, na msanii ambaye kweli anaishi kwa kazi ya studio, na yeye alipwe kama wanavyolipwa wale wa motisha. Sisi wahudhuriaji mtufidie walau nauli, maana siku ya semina ni siku ya kazi iliyopotea. Halafu kwenye tangazo lenu, chini ya majina ya wageni rasmi, muandike pia ni nani atakayepita studio kwetu baada ya miezi sita kuangalia lile daftari kama limejazwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mchoraji